Wageni Walioletwa kwa Gari Kipara

Gari lisilo na paa ni upuuzi. Nasema hivyo nikiwa nimeliendesha mwenyewe, kiangazi kizima, hapa hapa Uvira, tena nikiwa nimebeba watu ndani yake. Kwa hiyo asije mtu kunisimulia uzuri wa picha alizoziona kwenye simu.

Lilikuwa la kaka yetu mkubwa, anayeishi Ulaya. Alikuja likizo akatuambia kuna zawadi ya familia iko njiani. Mama alidhani ni jokofu. Mimi nilidhani ni mashine ya kusaga, maana tulikuwa tumemwomba mashine ya kusaga. Kumbe ni gari jekundu la viti vinne, juu hakuna kitu, unamwona dereva mpaka kiunoni kama mtu aliyekaa kwenye beseni. “Ni dekapotable,” kaka akasema, na akalitamka neno hilo polepole ili lituingie. Watoto wa mtaani hawakuhangaika na Kifaransa chake. Siku ile ile waliliita gari kipara, na likabaki na jina hilo.

Mtu angedhani mwenye gari ndiye angeliendesha. Thubutu! Kaka alisema barabara zetu zimejaa mashimo, mapikipiki hayana sheria, na yeye mkono wake umezoea kwingine. Uongo mtupu. Ukweli ni kwamba huwezi kushika usukani na kupunga mkono kwa wakati mmoja, na yeye alikuja kupunga mkono. Mimi ndiye niliyekuwa na leseni nyumbani, baba alinifundisha kwenye pikapu yake ya saruji kabla hajafa, basi nikageuzwa dereva wa kaka yangu. Yeye alikaa kando yangu, kiwiko nje, miwani myeusi usoni.

Nisiwe mnafiki, raha zake zipo. Tulihamisha kabati la mama likiwa limesimama wima kwenye kiti cha nyuma, jambo ambalo teksi yoyote ingelikataa. Ukinunua samaki, harufu unawaachia walio nyuma yako. Na asubuhi moja nilimpeleka mama hadi upande wa Kalundu, ziwa limetulia, upepo mwororo, mama akacheka peke yake kule nyuma bila sababu. Hiyo ilikuwa raha ya kweli, nakubali. Raha zimeishia hapo.

Yaliyobaki ni karaha. Shangazi yetu alipanda akiwa na wigi jipya, na kabla hatujamaliza daraja la Mulongwe wigi likawa liko barabarani, mwenye pikipiki analikimbiza. Vumbi lilitukaa kwenye nyusi na meno. Kisha kaka akataka kuwaonyesha majirani jinsi paa linavyojifunga lenyewe kwa kubonyeza kitufe. Likapanda hadi nusu, likakwaruza, likagoma. Tulilirudisha chini kwa mikono, na halikupanda tena. “Kiangazi hiki, paa ya nini?” kaka akasema. Watu kama hao hawakosi jibu.

Lakini lililonichosha kuliko yote ni salamu. Ndani ya gari la kawaida unapita, mtu anaona kioo, basi. Ndani ya gari kipara humpiti mtu. Kila mtu umwulize za nyumbani, watoto, mgonjwa wake, na abiria wako nao waulize, mpaka mama anafika kanisani sauti imekauka. Watu waliegemea mlango kana kwamba ni kaunta ya duka. Mama mmoja alimweka kuku kwenye kiti cha nyuma, bila hata kuomba, akaniambia nimfikishie mkwe wake wa Kimanga. Nikamfikishia. Ningefanya nini?

Hayo yote ningeyasamehe. Lile la mdogo wangu silisamehe.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa ameposwa na kijana wa Bujumbura. Yaani, posa ilikuwa bado. Ndugu zake walikuwa waje siku hii ninayoisimulia, kwa mara ya kwanza. Kwetu ziara hiyo ya kwanza huja kimyakimya. Watu wawili tu, mama wa makamo na mzee, na mama amebeba kapu lililofunikwa kitambaa. Msichana akilipokea kapu na kuliingiza ndani, amekubali. Na kama hataki, haulizwi mbele za watu. Yule anayekwenda kuwapokea wageni huwaambia njiani, kwa sauti ya chini, na neno hilo huishia njiani. Wageni wanafika, wanakunywa Fanta, wanazungumzia maji ya ziwa yaliyopanda, wanarudi na kapu lao. Walikuja kusalimia, basi. Hakuna aliyekataa, hakuna aliyekataliwa. Ndiyo maana anayepokea wageni ni lazima awe mtu wa nyumba ile, mwenye kujua kilichomo moyoni mwa msichana.

Asubuhi ile mdogo wangu alinikuta kisimani, akasimama akishika ndoo tupu.

“Yaya, minye sitaki,” akaniambia mimi dada yake.

“Amekukosea nini?”

“Hakuna. Ni muntu muzuri. Sina kitu mubaya ya kusema juu yake. Ila sitaki, na nikifikiria nitaishi naye, ninasikia baridi.” Akaanza kulia. “Utawaambia mu njia?”

Nikamwambia nitawaambia. Alipumua kama aliyetuliwa mzigo. Simu? Neno kama hilo halitumwi kwa simu, ni tusi. Nilikuwa na njia nzima kutoka mpakani Kavimvira hadi kwetu Kimanga, na maneno manne tu ya kusema. Nilipanga nichukue teksi ya jirani, gari lake la zamani lenye vioo vya kupandisha, nimweke yule mama mbele kando yangu, na kabla ya Mulongwe iwe imekwisha.

Kaka akatokea amevaa suti. “Teksi? Weye iko na kichaa? Wageni wa heshima, tutawaleta na teksi?”

Nilimwambia wageni hawa huletwa kimya. Nilimwambia mara ya pili, nikamwambia ni desturi ya baba yetu. Akacheka. Alisema desturi hizo ni za watu wasio na kitu cha kuonyesha. Ningeweza kumwambia siri ya mdogo wangu, lakini kaka na siri hawalali nyumba moja. Angeitangaza kabla sijawasha gari. Nikachukua ufunguo, naye akapanda kando yangu.

Kavimvira walikuwa wananingoja karibu na wavunja pesa, wale wanaobadilisha faranga, yule mama na mzee wake, wamesimama kwenye kivuli kama wasafiri wowote. Mama alikuwa mnene, mtulivu, kitenge kimekunjwa vizuri mabegani, kapu mkononi. Alipoliona gari aliangalia nyuma yetu, akitafuta lile lingine, lile la kweli.

Nikamfungulia mlango wa mbele. Kaka akaufunga. “Mama, huku nyuma! Nyuma ndiko watu wakubwa wanakaa!” Kisha, sitanii, akawaambia wasikae kwenye kiti chenyewe bali juu yake, pale paa linapojikunja, ili waonekane. Mzee akakataa kabisa, akaketi chini. Yule mama, kwa adabu ya ugeni, akapanda. Akalishika kapu magotini kwa mikono miwili, na tulipoondoka tu upepo ukapindua kitambaa cha kapu.

Nikajaribu. Mungu anajua nilijaribu. Nilikanyaga mafuta ili tuwaache watu nyuma, nikageuza shingo, nikasema, “Mama, kuna neno.” Akainama, mkono sikioni. “Ati nini?” Nikarudia. Upepo ukayachukua yote. Nikapunguza mwendo ili asikie, na papo hapo tukazungukwa: mapikipiki kushoto, watoto kulia, mtu amekwisha kuweka kiwiko mlangoni anauliza za nyumbani. Ndivyo lilivyo gari lile. Ukienda mbio hakuna anayekusikia, ukienda polepole wanakusikia wote. Lile neno langu lilikuwa la mtu mmoja, na ndani ya gari kipara hakuna neno la mtu mmoja.

Daraja la Mulongwe lilikuwa limezibwa na lori, tukasimama. Muuza ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, akasogea na sinia lake kichwani, akamtazama yule mama, akalitazama kapu. Wanawake wa hapa hawahitaji kuelezwa kapu.

“Hawa ni wageni wa nani?” akauliza.

“Wetu!” kaka akasema. Akasimama kwenye kiti, na viatu vyake, akazungusha mkono. “Wanakuja kuchukua mudogo wetu!”

Vigelegele vikapasuka toka upande huu wa daraja hadi ule. Mtu akapiga honi, na wengine wote wakapiga. Kaka akapunga mkono. Nilitamani nimsukume mtoni, na sisemi kwa mzaha. Nilikuwa nimeshika usukani, machozi ya hasira yananitoka, na watu waliniona nikilia wakasema, ona dada mtu, analia kwa furaha.

Kwenye kioo nilimwona yule mama. Alikuwa ameshuka taratibu kutoka kule juu, amekaa chini kando ya mzee, uso ameuinamisha. Alikuwa anajua maana ya kutangazwa kabla ya kujibiwa. Nadhani tangu hapo alikuwa ameanza kuogopa.

Wenye pikipiki walifika Kimanga kabla yetu. Tulipokata kona nyumba ilikuwa imejaa: majirani wote, viti vya kukodi sijui vimetoka wapi, watoto juu ya ukuta, shangazi na wigi lake amefunga kitambaa juu yake. Mama yangu, maskini, alikuwa anahangaika na chupa sita za Fanta mbele ya umati ule, na baba mdogo alikuwa bado anafunga vifungo vya shati.

Mdogo wangu alitoka jikoni na aproni. Aliwaangalia watu, akaniangalia mimi. Nikatikisa kichwa. Nilimwona akielewa. Akashika nguzo ya baraza.

Yule mama wa Bujumbura alifanya alichopaswa kufanya. Angefanya nini kingine? Alisogea akanyoosha kapu kwa mikono miwili. Mdogo wangu akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Akapiga goti kidogo kwa heshima, akalipokea kapu.

Vigelegele! Shangazi alianza hata kucheza. Kaka akanipiga begani. “Unaona? Weye na desturi zako.”

Nilikuwa ninamwangalia mdogo wangu, kwa sababu hakwenda mlangoni. Alimpita mama yetu, akampita baba mdogo, akateremka baraza, na watu wakamfungulia njia wakidhani anazunguka kwa mlango wa nyuma. Akafika kwenye gari. Hakuhitaji kufungua mlango wowote. Akainua kapu juu ya ubavu wa gari, akaliweka kwenye kiti cha nyuma, akalinyoosha kitambaa chake vizuri, pembe zote.

Akarudi hadi mbele ya yule mama, akapiga goti tena, safari hii hadi chini.

“Mama, munisamehe,” akasema. “Munisamehe sana. Ilikuwa muambiwe mu njia.”

Kaka alimfikia kwa hatua kubwa. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama. “Umetuaibisha mbele ya muji muzima!”

“Minye?” mdogo wangu akasema. “Minye nilikuwa mu jikoni.”

Watu walianza kuangalia chini, mmoja akakumbuka kwamba ameacha sufuria motoni, mwingine akaita watoto washuke ukutani. Walioleta viti wakaanza kuvibeba. Yule mama alimwinua mdogo wangu kwa mkono, akampangusa magoti. Kisha akaenda mwenyewe kwenye gari, akaingiza mkono juu ya mlango, akatoa kapu.

Kaka akamkimbilia. Hata wakati ule, hata wakati ule, alikuwa bado anafikiri anaweza kuliokoa jambo kwa gari. Akafungua mlango wa mbele, ule alioufunga Kavimvira, akapangusa kiti kwa leso. “Mama, tafadhali, pandeni. Tutawarudisha na heshima yenu mpaka mpakani.”

Mzee alikuwa amekwisha kuanza kutembea kuelekea barabara kubwa. Yule mama akavua kitenge cha mabegani, akakizungushia kapu lote mpaka likawa halionekani.

“Hapana, mwanangu,” akasema. “Tumeisha kuonekana.”