Mfuko Uliopanda Manga

Bonareri hakuwa mtu wa kuuziwa kitu ovyo. Akiingia dukani, mwenye duka hujuta. Siku hiyo aliyejuta ni Bosire, muuza mifuko wa Nyakoe. Alikuwa ameiteremsha mifuko yote, na bado mama huyu alikuwa akifungua na kufunga zipu za kila mmoja karibu na sikio lake.

"Huu una kelele," alisema, akautupa. "Nikitembea nao nitarekodi mfuko."

Kazi yake ilikuwa kukusanya nyimbo za kusagia wimbi, zile wanawake walizoimba juu ya jiwe kabla ya mashine kuja. Kinasa sauti chake kilikuwa kimelowa mara mbili. Kesho yake angepanda kilima cha Manga kwa Nyamoita, ajuza wa miaka tisini na mitano, aliyebaki peke yake na wimbo mmoja ambao wengine waliukumbuka nusu tu.

"Madam, chukua hii nyeusi basi," Bosire alisema, amechoka.

"Hiyo inaingiza maji. Unaniona mjinga?"

Mwishowe alichagua mmoja wa rangi ya machungwa, mgumu, wenye mistari ya kung'aa, zipu kimya na tundu la waya pembeni.

"Hiyo hununuliwa na masavea, wale wapima mashamba," Bosire alimwambia.

Bonareri akamjibu auze, asimfundishe kazi.

Hapo ndipo alipokosea, na hana wa kumlaumu. Amezaliwa Kisii, ambako shamba la baba hugawanywa hadi mgomba mmoja unakuwa mpaka. Alijua vizuri mpima ardhi huonwaje kwenye boma lenye ugomvi.

Omosa, mwana wa Nyamoita, alikuwa akichuma chai alipouona mfuko ukipanda. Yeye na nduguye Osoro walikuwa na mwaka wa tatu bila kusalimiana kwa sababu ya mpaka. Alimkabili mgeni langoni, akamsemesha kwa Kiswahili, lugha ya watu wa ofisi.

"Osoro amekutuma upime."

"Nipime nini? Nimekuja kwa magokoro, bibi mzee wa hapa. Toka njiani!"

"Fungua hiyo mfuko."

Mtu mwingine angefungua taratibu na kueleza. Bonareri alichomoa kinasa sauti akamsukumia puani, taa nyekundu ikiwaka. Alikuwa amekiwasha njiani akikijaribu.

"Kumbe unatunasa!" Omosa alifoka. "Upeleke kwa kesi ya mpaka!"

Nyamoita alitoka, kitambaa cha kanisani kichwani. Alikuwa amengoja tangu asubuhi, amekunywa uji ili sauti ilainike. Aliutazama mfuko, kisha mwanawe, akamwambia Bonareri kwa Ekegusii, lugha ya kwao:

"Nilikuwa nimekubali kuimba. Lakini nikiimba leo, hawa watoto watakatana usiku. Nenda, mwanangu."

"Magokoro, ni wimbo tu."

"Najua. Nenda."

Bonareri alishuka akimtukana Omosa, kisha Bosire. Alipofika barabarani akajitukana mwenyewe, na hayo ndiyo yaliyouma.

Alipanga kurudi wale ndugu wakipoa. Hawakupoa. Miezi miwili baadaye Nyamoita alizikwa. Bonareri alikwenda mazishini, kinasa sauti amekitia kikapuni chini ya mkate na sukari. Omosa mwenyewe alimpokea kikapu, akamshukuru, akamketisha mbele. Kwaya iliimba nyimbo za kitabuni mpaka alasiri. Hakuna aliyemzuia kurekodi, na hapakuwa na kitu cha kurekodi.