Dema Nililotega Mtoni

Nichekeni tu, nshazoea. Mpaka leo nikipita Mtoni lazima atokee mtu mzima na ndevu zake anililie "nyau" halafu ajifanye anakohoa, na mie natoa salamu napita zangu, maana nimwambie nini na jambo lenyewe ni kweli.

Ilikuwa miaka ile baada ya Mapinduzi, mchele foleni, unga foleni, na mie fundi cherehani wa Mkunazini nimepeleka posa kwa Mzee Ame wa Mtoni, kule pwani nje ya mji, namtaka bintiye Zuhura (nilimshonea gauni moja tu, nikaharibikiwa). Mzee akaniita, akanikalisha barazani, akaniuliza, "Na mwanangu utamlisha nini, nyuzi?" Ningesema riziki anatoa Mungu, yakaisha. Hapana. Nikasema, "Samaki, mzee. Natega dema mwenyewe." Sijui neno lile lilitoka wapi, kwani dema nilikuwa naliona kwa mbali tu, wenyewe wamelibeba kichwani. Mzee akanitazama, akasema, "Vyema. Keshokutwa asubuhi utanionesha, na jawabu la posa nitakupa palepale pwani."

Basi nikaunda dema. Kulieleza si kazi: ni tenga ambalo samaki anaingia na hatoki, kwa kuwa mdomo wake ni mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani. Tumbo nililipata sokoni Darajani, tenga la machungwa. Mdomo ndio ulionishinda, nikasuka makuti yakafumuka, nikakunja bati likanikata, mpaka jicho langu likaangukia kawa, kile kifuniko cha chakula chenye ncha juu. Kawa hilo lilikuja kwetu Ramadhani limefunika sinia la futari kutoka kwao Zuhura, kalisuka mwenyewe kwa ukindu wa rangi, jekundu na zambarau, na hatukuwa tumelirudisha kwa sababu si adabu kurudisha chombo cha watu kitupu, na mwaka ule cha kutia ndani kilikuwa hakuna. Wallahi lile kawa ni mdomo wa dema hasa. Nikajiambia, litakuwa chini ya maji, nani ataliona? Nikakata ncha, nikaligeuza ncha ikaelekea ndani, nikalishona kwa sindano ya gunia, mshono wa kujivunia.

Kesho yake alasiri nikalipeleka Mtoni, maji yamejaa, nikaingia mpaka kifuani, nikatia dagaa na mawe, nikalizamisha, nikarudi mjini nikalala usingizi mzuri. (Kwamba ilikuwa bamvua, siku ambazo bahari hujaa sana na ikitoka hutoka ikaenda mbali, hilo fundi cherehani hakuulizana na mtu.)

Asubuhi tukashuka pwani, Mzee Ame mbele, mkewe na Zuhura nyuma na ndoo zao za chaza. Bahari haipo. Mchanga mkavu mpaka kule, wanawake wa Mtoni wameinama wanachokoa chaza, na katikati yao dema langu, na ndani ya dema, paka. Paka mkubwa wa kijivu, keshamaliza dagaa wote, kakaa kitako ananitazama.

"Linanasa," akasema Mzee Ame.

"Naam, mzee."

Mamake Zuhura akainama. "Ala! Zuhura, si kawa lako hili?"

Wanawake wote wakanyanyuka migongo. Nilitamani mchanga ule unimeze na viatu vyangu. "Nilikuwa nalirudisha, mama," nikasema, "nikaona lisirudi tupu."

"Ndiyo ukatutilia paka?"

Paka naye, kuona kundi la watu, akaanza kulia na kujipigapiga humo ndani. Nikatoa wembe wangu mfukoni, nikapiga magoti, nikaanza kufumua uzi, mmoja, halafu wa pili, taratibu ili kawa lisidhurike, na paka kila nikigusa ananipapura mkono, na kicheko kinazidi.

"Mnyama anateseka na wewe unafumua mishono?" akasema Zuhura.

"Nalionea huruma kawa lako."

"Kawa nitasuka jingine. Lete." Akanipokonya wembe, akalipasua kawa lake kutoka juu mpaka chini, paka akatoka akapanda kifuani mwangu, begani, akashukia mgongoni, akaondoka na kipande cha shati.

Mimi nilishajua jawabu langu, nilikuwa nangoja tu kutajiwa. Zuhura alikuwa kakaa chini mchangani, kajifunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika, nikadhani analia. Kumbe hajiwezi kwa kicheko. Alipopata pumzi akasema, "Baba, huyu usimrudishe. Tutalala na njaa, lakini tutacheka."

Mzee Ame akavuta pumzi ndefu. "Posa nimekubali. Kwa sharti."

"Naam, mzee."

"Samaki utanunua sokoni, kama watu."

Sharti nimelishika. Dema tena? Abadan, hata ndoana sijagusa. Na njaa ilikuja kweli, tulipoishi kwa muhogo asubuhi na muhogo jioni, na Zuhura alicheka. Si kila siku, lakini alicheka.