Jembe Nilipewa, Ngoma Nikanyimwa

Harufu ya samli ikikutana na harufu ya nta ya sakafu, mimi hasira hunipanda. Wengine wakinusa samli hukumbuka pilau la sikukuu. Mimi nakumbuka ukumbi wa michezo wa shule moja ya Lanham, Maryland, wenye mistari ya mpira wa kikapu sakafuni na taa zinazovuma darini, ambao kila vuli Wahindi wa upande ule waliukodi kwa ngoma yao ya Navratri. Ngoma hiyo kwao ni ya usiku tisa, ya kumsifu mungu wao wa kike, lakini Marekani nani ana usiku tisa? Watu wana kazi. Basi zile tisa zilibanwa zikawa Ijumaa na Jumamosi chache, na Jumamosi alasiri ilikuwa zamu ya watoto. Viatu unaviacha mlangoni, chungu nzima, kisha unaingia kwenye ubani, bangili, sketi za rangi zote alizoumba Mungu, vioo vidogo vilivyoshonewa nguoni vikimetameta, meza za vyakula ukutani, na ngoma inayodunda mpaka unaisikia tumboni. Nisiseme uongo, palipendeza. Pangekuwa pabaya ningeshasahau zamani.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka kumi. Mama yangu alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee kule Gaithersburg, na tulipanga ghorofa ya pili ya jengo la matofali mekundu Lanham. Chini yetu aliishi Mama Nila, Mgujarati, na binti yake Nila wa rika langu. Siku ya kwanza mama alipomsikia Mama Nila akimgombeza mtoto ngazini, “Nila, hebu katupe hizo taka, mbona mzito hivyo wewe?”, mfuko wa vyakula ulimponyoka mkononi. Kumbe mwanamke yule kazaliwa Tanga, Ngamiani, barabara ya nane, na mama yangu ni wa barabara ya kumi na mbili! Walikaa palepale kwenye ngazi wakiulizana habari za watu, fulani yu hai, fulani kafa, mpaka barafu ya samaki ikayeyuka ikatiririka hadi mlangoni kwa jirani.

Lakini kwa Wahindi wenzake Mama Nila hakuhesabiwa sana. India yenyewe alikuwa hajaikanyaga. Kigujarati chake kilikuwa na maneno ya Kiswahili ndani yake, sufuria na fagio na kisu, maana ndivyo Wahindi wa Afrika Mashariki wanavyosema majumbani mwao, na wanawake waliotoka India moja kwa moja walimcheka wakimwita Mwafrika. Na sisi je, tulikuwa bora? Mama alipompeleka kwenye mkusanyiko wa Watanzania College Park, mzee mmoja mwenye tai alimwuliza mbele za watu duka lake hufunga saa ngapi. Watu wakaangua kicheko. Yeye ambaye hajawahi kuuza hata kiberiti! Mama Nila alicheka nao, akala wali wake, na hakuja tena.

Vuli ile Nila alikosa mwenzi wa ngoma ya vijiti. Ngoma hiyo huchezwa wawili wawili: kila mmoja na vijiti viwili vilivyopakwa rangi, mnagonganisha, mnazunguka, mnapishana, na ukikosea kidogo kijiti kinakula kidole. Mama Nila akanifundisha mimi. Tulifanya mazoezi nyuma ya jengo, kwenye maegesho ya magari, Mama Nila akipiga makofi na kuhesabu, moja, mbili, tatu, geuka! Nila alikuwa akielewa kila neno la Kiswahili lakini hajibu ila kwa Kiingereza, na Kiingereza changu wakati ule darasani walikichekelea mpaka nikaacha kunyoosha mkono. Kwenye vijiti hatukuhitaji lugha. Tukapatana mpaka nikawa najua ageukapo kabla hajageuka. Na jozi zitakazocheza vizuri kuliko zote, tuliambiwa, zitapanda jukwaani College Park kwenye tamasha kubwa la Diwali, sikukuu yao ya taa, mbele ya umati. Nililitaka jukwaa lile kwa roho yangu yote. Tangu nifike nchi ile hakuna mtu aliyeniambia, Pendo, hapo umeweza.

Tena sikwenda mikono mitupu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi jembe nilipewa. Kila Jumamosi nilifika mapema pamoja na Mama Nila, nikapanga viti, nikafagia ukumbi, nikafinyanga ladu, zile tamutamu za mviringo, kwa viganja mpaka vikanuka samli wiki nzima. Wale wanawake wa kamati walinijua. Pendo, lete meza. Pendo, pangusa hapa. Jina langu walilitamka barabara kabisa walipotaka meza.

Siku yenyewe mama aliomba ruhusa kazini akaja, kavaa gauni lake la kanisani. Alizunguka meza za vyakula akifurahi kama aliyekutana na ukoo wake, akivitaja vitu kwa majina yetu: kachori hii, bajia hii, sambusa hii. Kijana muuzaji akamsahihisha kwa adabu kwamba ile ni samosa. “Mwanangu,” mama akamjibu kwa Kiswahili, akijua fika hasikii, “usinifundishe sambusa.” Akanunua tatu.

Ngoma ikaanza. Jozi zikajipanga mistari miwili, mimi na Nila karibu katikati, mimi nimevaa sketi ya Nila ya mwaka uliotangulia iliyoshushwa upindo. Tulicheza, jamani! Vijiti vilikutana mahali pamoja kila mara, na watu wa pembeni wakaanza kutuonyesha vidole. Hapo ndipo mama yangu alipofanya jambo ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angelifanya. Alipiga vigelegele, vile virefu vya harusini, akaingia katikati ya ngoma akiyumbisha mabega, akafungua mkoba akatoa kanga. Kwetu mtoto akicheza vizuri hutuzwa palepale, ngoma ikiendelea. Kumwacha acheze bure ndiyo aibu. Alikuwa ameileta doti nzima, vipande vyote viwili, keshavikata na kuvipinda, kimoja changu kimoja cha Nila, vyote vimeandikwa Mcheza kwao hutuzwa. Changu alinivika mabegani. Cha Nila kilikuwa bado mkononi muziki ulipozimwa.

Aliyeuzima alikuwa mwenyekiti wa kamati, mwanamke mrefu mwenye kipaza sauti, ambaye asubuhi ileile nilimbebea viti. Alisema kwa Kiingereza, na tabasamu usoni, kwamba hii ni ngoma ya ibada, si ngoma ya Kiafrika, na watazamaji wakae pembeni. Hilo ningelimeza. Mama alikuwa hajui, angeambiwa angetoka, angeomba radhi na yangekwisha. Lakini mwanamke yule hakuishia hapo. Alinijia, akanishika bega juu ya kanga yangu, akasema polepole kana kwamba mimi ni kiziwi: wewe ni mgeni wetu, mpenzi, na mgeni hutazama. Akachukua vijiti mikononi mwangu. Mgeni! Nilipofagia sikuwa mgeni. Nilipofinyanga ladu sikuwa mgeni. Nimekuwa mgeni leo, saa ya kuchagua wa kupanda jukwaani! Akamshika Nila mkono akampeleka kwa msichana mwingine, na Nila akaenda. Mama Nila alikuwa amesimama ukutani, sahani mkononi, hakusema kitu.

“Vaa viatu,” mama akaniambia. Basi tukainama mlangoni kutafuta viatu vyangu katika ile chungu nzima, na wakati tunavitafuta muziki ukaanza upya. Sijui kama mmewahi kutafuta kiatu huku machozi yanawatoka na nyuma yenu watu wanacheza. Nilisikia vijiti vya Nila. Katika jozi zote zile nilivijua vya Nila, na havikukosea hata mara moja.

Tulikuwa tumefika kwenye gari tukingoja injini ile mbovu ikubali kuwaka, Mama Nila alipotoka mbio, miguu mitupu juu ya lami, na ile sahani. Nila alikuwa nyuma yake na vijiti vyake mkononi. “Mama Pendo, shoga yangu, msiondoke hivi. Chukueni basi hata ladu.”

“Ladu?” Mama alishuka garini. “Mwanangu kanyimwa ngoma, wewe unamletea ladu? Alizifinyanga mwenyewe hizo!”

Mama Nila akaanza kulia. “Ningesema nini? Na mimi mle ndani ni mgeni. Wewe unajua wanavyoniita.”

Nilidhani atamhurumia, maana mama ni mtu wa huruma. “Basi ungetoka naye,” akasema. Akarudi garini, na safari hii injini ikawaka.

Usiku ule alitandaza kile kipande cha Nila juu ya meza ya jikoni ili akikunje vizuri. Kwenye upindo, chini ya maua, kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza, na mama akaniamuru nisome. Nikasoma: imetengenezwa India. “Ebo!” Mama akapiga meza. “Kanga yenyewe ya kwao! Wanatuuzia nguo ya kutuzia, halafu tukituza wanatufukuza!” Akacheka, akacheka mpaka nami nikacheka, kisha akajifuta macho akakiweka kabatini. Yeye na Mama Nila walikuja kusalimiana tena baada ya majira ya baridi, wakaulizana habari za Tanga, lakini ngoma hawakuitaja. Nila na mwenzi wake mpya walipanda jukwaani College Park. Sikwenda kutazama.

Sasa mimi ni mtu mzima, na kila mwaka mawakala wa safari hunijaza matangazo. Nenda Gujarat kwa usiku tisa wa ngoma! Nenda Rajasthan kwenye maonyesho ya ngamia! Nenda ukapakwe rangi sikukuu ya Holi, wageni wote karibuni! Pesa ya tiketi haina mgeni, mwenzangu. Hata hivyo mwaka juzi nilikwenda, kwa ukaidi tu, kuona hicho nilichonyimwa. Nilisimama Ahmedabad, mji wa Gujarat, pembeni ya uwanja, mbele yangu duara juu ya duara la watu wanaocheza, nimejiandaa kutazama kama nilivyofundishwa. Bibi mmoja mnene, jasho linamtoka, alipita akizunguka, akanivuta mkono bila hata kunitazama vizuri, akaniingiza. Basi. Hakuuliza kwetu wapi. Nilicheza mpaka miguu ikafa ganzi, na badala ya kutulia roho nilikasirika upya, kwa sababu nilielewa kwamba wenyeji wa ngoma hawaufungi mlango ule. Walioufunga ni wapangaji wa ukumbi wa shule, Lanham.

Wiki iliyopita Nila alinipigia simu. Ana binti wa miaka tisa, na mwaka huu anacheza vijiti, ukumbi uleule. Akaniambia, kwa kile Kiingereza chake cha siku zote, kwamba angependa nije niwe mgeni wao wa heshima. Matusi yalinijaa kinywani nikayameza. Kisha nikamjibu kwa Kiswahili.

“Nila, nitakuja, ila mgeni sitakuwa. Kuna kanga yako hapa, mama alikuletea siku ile hukuipata. Mtoto akicheza vizuri nitaingia katikati nimvike, na vigelegele nitapiga, kwa sababu mimi sijui njia nyingine ya kumsifu mtoto. Sasa niambie mapema. Wakizima muziki?”

Nila, ambaye tangu utoto hajawahi kunijibu neno moja kwa lugha ya mama zetu, akasema kwa Kiswahili cha Tanga kilichonyooka kabisa:

“Nitatoka nawe.”