Malkia Aliyekwenda Homa Bay

Mosoti hakuwahi kuwa mwalimu, ingawa Macalder nzima ilimwita Mwalimu. Alikuwa fundi wa mipini. Nyundo ikilegea, au sururu ikichomoka na kumkosa mtu kidogo tu, ilipelekwa kwake chini ya banda la mabati karibu na mashimo ya dhahabu, naye akaitia mpini mpya bila kuuliza nani alikuwa na makosa. Alikuwa Mkisii, Msabato, mrefu, mkimya, na vifungo vya shati lake vilifungwa vyote mpaka shingoni hata saa nane ya mchana. Mtu wa namna hiyo huitwa Mwalimu apende asipende.

Mimi nilikuwa mmoja wa wanawake waliokuwa wakiponda mawe pale. Tulikuwa kumi na wawili. Wanaume walitoa mawe shimoni, sisi tukayavunja kwa nyundo mpaka yakawa unga, kisha wengine wakauosha unga huo kwenye karai wakitafuta kinachong'aa. Nilikaa chini ya banda la Mosoti kwa sababu ya kivuli. Nataka hilo lieleweke mapema, maana baadaye watu walisema mimi ni mpenzi wa hadithi, na hadithi mimi sizipendi.

Kitabu chenyewe kilikuwa hakina jalada. Jina la kitabu lilikuwa limekwenda na jalada, na Mosoti alikuwa amekifunga kwa karatasi ya kalenda ya mwaka 1992. Kilikuwa kinene, cha Kiswahili, kikieleza habari za ufalme ulio chini ya ziwa, na malkia anayepanda kiboko mwenye mabawa, na joka lililolalia dhahabu. Kilikuwa cha mkewe, Mong'ina. Walipokuwa wakikaa Migori mjini alikuwa akimsomea kwa sauti kila jioni, mume akichonga mipini, na walikuwa wamekimaliza mara nne. Mong'ina alifariki Homa Bay mwaka 1994. Malkia naye anafariki katika sura ya kumi na saba. Mosoti alikuwa hajapata kutamka hata moja kati ya habari hizo mbili mbele ya mtu, na hiyo ndiyo taabu yote ninayoisimulia. Sisi hatukujua. Nawaambia ninyi mapema ili msihangaike kama sisi.

Tulichojua ni kwamba alikuwa na mke mahali fulani. "Mong'ina hapendi nikisoma haraka," alikuwa akisema. Au, "Mong'ina anasema hili joka lina upweke tu." Hapendi. Anasema. Tukadhani yuko Migori anauza ndizi.

Tulianza mwaka 1996, wakati wa kiangazi. Mwanzoni Mosoti alikuwa akisoma peke yake akingoja gundi ikauke, midomo ikicheza, na Rael akamwambia kama ni maombi asome kwa sauti tuseme amina. Rael alikuwa ametoka Muhuru Bay, ambako alikuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, na hakuwa mtu wa kuacha kitu kipite bila kukiuliza maswali. Mosoti akasema si maombi, ni hadithi. Akaambiwa asome hivyo hivyo.

Kusoma mbele ya nyundo kumi na mbili si kazi nyepesi. Siku ya kwanza tulisikia neno "zamani" na hatukusikia lingine. Ndipo tukapatana kwamba yeye asome sentensi moja nyundo zote zikiwa juu, akifika kwenye nukta, sisi tunazishusha. Kisha sentensi nyingine. Mpango ulifaa sana kwenye mapigano, maana hapo maneno yalikuwa mafupi na mawe yalivunjika vizuri. Lakini yule mwandishi alikuwa na ugonjwa wa sentensi ndefu, hasa akiona mlima. Mtu yule hakuwahi kuinua nyundo maishani mwake. Kuna mlima mmoja katika sura ya tano ambao mpaka leo bega langu linaukumbuka.

Maswali yaliruhusiwa baada ya kila ukurasa. Rael ndiye aliyeshughulikia mambo ya ziwa.

"Mwalimu, hao watu wako chini ya maji. Sasa omena wanaanika wapi?"

"Haikuandikwa."

"Basi huyo mwandishi hajafika Muhuru."

Mambo ya mali yalikuwa ya Mirumbe, mwanamke wa Kikuria mwenye mikono mikubwa, aliyekuwa na dharau kubwa kwa lile joka. "Amelalia dhahabu miaka mia tatu," alisema. "Hauzi. Hajanunua hata ng'ombe mmoja. Huyo si hatari, huyo ni mgonjwa." Tulipofika mahali ambapo mfalme alichota dhahabu kwa viganja viwili, aliomba lirudiwe.

"Bila kuponda?" akauliza.

"Bila kuponda," akasema Mosoti.

Tulicheka mpaka Mirumbe akajipiga kidole, akaendelea kucheka kidole kikiwa mdomoni.

Mzee mmoja wa kanisa alikuja kuuliza kama inafaa Msabato kusomea watu habari za majoka. Mosoti akamjibu kwa heshima kwamba katika mkutano wa injili pale Migori mhubiri mwenyewe alitundika picha ya mnyama wa vichwa saba, na huyu wake ana kimoja tu. Mzee akafikiri, akaomba asomewe kidogo, akakaa mpaka jioni.

Basi tukafika mwisho wa sura ya kumi na sita. Malkia alikuwa amerudi kutoka safarini akiwa amechoka, akaenda kulala. Mosoti alilowesha kidole, akafunua kurasa nyingi kwa pamoja, akasoma: "Mfalme alikaa barazani peke yake."

Nyundo zilibaki juu.

"Malkia yuko wapi?" akauliza Rael.

Mosoti akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Amesafiri."

"Amesafiri wapi na alikuwa amelala?"

"Homa Bay."

Kitabu kile hakikuwa na Homa Bay. Kilikuwa na Bonde la Mapembe na Mji wa Nguzo Saba. Lakini malkia alikuwa mtu wa ziwani, na Homa Bay iko ziwani, kwa hiyo hatukuona ubaya. Rael alitaka kujua amekwenda kwa nani. Mosoti akasema kwa dada yake. Dada ameolewa huko? Ndiyo. Na nani? Mosoti aliangalia juu kwenye mabati muda mrefu, akasema na karani wa samaki. Nimewaona waongo wengi, wengine nimewazaa mimi, lakini sijaona mtu aliyeteseka kwa uongo kama yule. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kola.

Wiki mbili nzima malkia alikuwa Homa Bay. Katika sura ya ishirini mfalme aliandaa karamu, na Mirumbe akauliza nani alipika. Katika sura ya ishirini na moja maadui walivunja lango, na Rael akauliza kwa nini kiboko asitumwe Homa Bay kumleta mwenyewe, kwa kuwa anaruka. Mosoti akasema kiboko ameumia bawa. Tukasema pole.

Kisha ikaja sura ya ishirini na mbili. Washauri walimwendea mfalme wakamwambia sasa imetosha, aoe mke mwingine.

Sijui kama nitaweza kuwaeleza ninyi kelele zilizotokea. Nyundo zilitupwa. Mirumbe alisimama. "Anaoa? Bibi yake ameenda kuona dada yake tu, na huyu anaoa? Nani ameambia wakwe zake?"

"Amekataa," akasema Mosoti. "Sikilizeni. Mfalme amekataa kuoa."

"Kwa nini waliuliza hata? Yeye ndiye amewapa nafasi. Mwanamume mwenye bibi haulizwi hiyo maneno."

Mwingine akasema mfalme ana mwanamke pale pale mjini, yeye alimshuku tangu karamu. Mwingine akasema ndiyo maana hajatuma gari. Mimi pia nilisema neno baya juu ya mfalme, na silirudii hapa. Rael akamaliza kwa kusema kuanzia siku hiyo hataki kusikia habari za mtu huyo, afungiwe ndani ya kitabu afe na joka lake.

"Mfalme hana makosa!" Mosoti akasema. Hatukuwahi kumsikia akipaza sauti. Mipini iliyokuwa magotini ikaanguka. "Msimseme hivyo. Hana makosa yoyote."

"Basi tuambie mama yuko wapi," akasema Rael.

Kisha akasema, taratibu sana, akiangalia chini, "Malkia alizidiwa kidogo."

Kwa mgeni hayo ni maneno ya kawaida. Kwetu mtu akifia mbali, mwenye msiba haambiwi hivyo hivyo njiani. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa kidogo, njoo. Aendeshe baiskeli yake, apande gari, afike salama, aambiwe akiwa amekaa na watu wamemshika. Kila mtu Macalder anayajua maneno hayo, Mjaluo, Mkuria, Mkisii. Hayana maana nyingine.

Mirumbe alikaa chini. Rael akaweka mikono kichwani, akapiga nduru.

Nduru moja huleta ya pili. Kabla Mosoti hajaokota mipini yake wanawake kumi na wawili walikuwa wanalia, na wanaume wakaanza kutoka shimoni mbio wakidhani shimo limeanguka. Mbele yao alikuwa Ombati, msimamizi, akiwa na udongo mpaka kwenye kope.

"Nani amekufa?"

"Malkia," nikamwambia.

"Malkia gani?"

"Wa chini ya ziwa."

Ombati akatuangalia mmoja mmoja. Akavua kofia. "Ameacha watoto?"

"Msichana mmoja."

"Pole sana," akasema, akarudi kuwaambia wanaume wapunguze kelele.

Hatukuponda tena siku ile. Penye msiba hapapondwi mawe. Rael alijifuta uso kwa leso, akamwambia Mosoti, "Sasa soma, Mwalimu. Soma vile alikufa. Hatuwezi kumwacha hapo nje."

Mosoti akafungua sura ya kumi na saba. Kurasa nyingine zote tulizokwisha kusoma zilikuwa na alama za vidole vyake, lakini hizo zilikuwa nyeupe. Akasoma maneno manne, akashindwa. Akaanza tena, akashindwa pale pale. Nikaona haya kuendelea kumtazama.

"Lete," nikasema.

Kusoma kwangu ni kwa kukwama. Niliishia darasa la sita, na maneno marefu nayapitia mara mbili kabla ya kuyaamini. Lakini nilisoma sura nzima, jinsi malkia alivyoamka usiku akaomba maji, jinsi mfalme alivyokuwa mbali vitani, jinsi walivyomlaza katika mashua ya matete. Nililia pia. Sikujali nani ananiona.

Nilipomaliza, Mosoti alikichukua kitabu akakilaza mapajani. Hakuna aliyeinuka kwenda nyumbani. Ndipo Mirumbe, ambaye hana upole wa kuzunguka zunguka, akamuuliza, "Na Mong'ina wako, Mwalimu? Wewe uliambiwa na nani?"

Nilitaka kumfinya. Lakini Mosoti alijibu.

"Shemeji yangu, dada yake Mong'ina, alituma dereva," akasema. "Mong'ina alikuwa amekwenda Homa Bay kumwona, akalazwa. Dereva akaniambia amezidiwa kidogo, niende. Mimi mwenyewe nimewahi kupelekea watu maneno hayo mara tatu. Nayajua. Lakini siku ile nikasema, ahaa, kumbe ni kidogo. Nikapika uji wa wimbi. Nikajaza themosi, nikapanda gari mpaka Rongo, nikabadilisha, themosi nimeibana kwa miguu isianguke."

Akakigeuza kitabu mapajani.

"Shemeji alikuwa amesimama langoni mwa hospitali. Nikamwambia, twende tumpe ukiwa bado moto. Akaiangalia themosi. Akanipokonya, akamimina, akanywa. Akamimina tena. Aliunywa wote amesimama, machozi yanamtoka, mimi namwangalia. Hapo ndipo nilijua."

"Maskini," akasema Rael.

"Nilirudi Migori kesho yake kumchukua mama yangu. Alikuwa amekaa mlangoni na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia. Alimpenda Mong'ina kuliko mimi. Akachukua themosi mkononi mwangu, akaitikisa. Akasema, 'Ni tupu. Mungu ashukuriwe, amekunywa.'"

"Ukamwambia?" akauliza Mirumbe.

"Nilimwambia amezidiwa kidogo."

"Akasema nini?"

"Aliingia jikoni kuwasha moto, apike uji mwingine."