Kosa Halikuwa la Kamera

Leo nimemfokea mpiga picha mbele ya majirani wote, na sasa natamani kumpigia magoti.

Kioko hutupiga picha tukitoka kanisani hapa mtaani Jericho, kisha hutuletea Jumapili inayofuata.

Mara ya kwanza, mtoto wangu Baraka alitoka na jicho la kushoto jeupe pe! Nikamlazimisha Kioko apige tena.

Leo kaleta. Jicho lilelile, jeupe!

"Kamera yako ni mbovu!"

"Mama Baraka, si ndiyo hii ninayowapigia watu wote?"

Jirani yetu Mama Atieno, ambaye ni nesi, akaninyang'anya ile picha. Akamziba Baraka jicho la kushoto kwa kiganja. Mtoto akaendelea kucheka.

Akaziba la kulia.

Aki, Baraka alipiga mayowe akiusukuma ule mkono!

"La kushoto halioni," akasema Mama Atieno. "Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni uvimbe. Kesho asubuhi hospitali, usingoje."



Hebu toeni picha za watoto wenu, mtazame macho.

Ile ya kwanza ya Baraka mimi niliikata kwa makasi, nikabandika ukutani upande uliotoka vizuri.