Mnyauko wa Upande Wangu

Nimefua mashuka ya nyumba ya wageni mjini Bukoba miaka tisa, na mshahara wangu haujawahi kufika tarehe ishirini. Msinionee huruma, tuko wengi. Ila hakuna mwanamke mtaani kwetu Nshambya aliyejua kubana matumizi kunishinda. Kazini nilikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Maharage niliyaloweka tangu asubuhi ili yaive kwa mkaa kiduchu. Kipande cha sabuni nilikikata vinne kwa uzi, kila kimoja na wiki yake. Dagaa tulichanga na jirani yangu tukazifuata Kemondo zinakoshushwa, maana zikifika mjini bei inakuwa nyingine. Baba wa watoto wangu wawili alikwenda kuvua visiwa vya Muleba akaoa huko. Anatukumbuka Krismasi, tena si kila Krismasi.

Lakini niseme kweli, hivyo vyote vilikuwa vijanja vidogo. Kilichotulisha ni ndizi za nyumbani Kimwani. Tata, ndivyo sisi Wahaya tunavyomwita baba, kabla hajafariki alinikatia upande wa nyuma wa kibanja chake, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Kwetu shamba la ukoo ni la mtoto wa kiume, kwa hiyo jambo lile lilizua maneno. Akawaita mama na kaka yangu, akasema mbele yao: "Upande huu ni wa huyu. Asiuuze, na asinyang'anywe. Ale." Mama alikuwa anamenya ndizi, akaitikia. Kaka naye akaitikia.

Basi kila baada ya wiki mbili kaka alipakia mkungu kwenye gari la Bukoba, nami nikaupokea stendi nikaubeba kichwani hadi nyumbani. Ndizi na maharage sufuria moja, dagaa juu yake, watoto wanashiba na kusaza. Mshahara ukabaki kwa kodi ya chumba na mambo ya shule. Mkungu usipokuja, tunakula kodi.

Mwaka juzi kaka akanipigia simu, sauti chini kama ya msibani. "Mdogo wangu, mnyauko umeingia. Upande wako wote." Mnyauko ni ugonjwa unaokausha mgomba ukiwa umesimama, na dawa yake ni kung'oa tu. Akasema bwana shamba ameshapita na migomba yangu inang'olewa kesho yake. Kisha akaongeza: "Usije. Ugonjwa huu unabebwa na viatu na panga. Ukiingia huku ukatoka, utaimaliza na migomba ya mama."

Mtu wa mahali pengine labda angebisha, angepanda gari akajionee. Mhaya habishi. Tumefundishwa kwamba kibanja chenye mnyauko hakikanyagwi, na anayekikanyaga ni mchawi wa jirani zake. Nikatii. Tena nikafanya zaidi ya kutii: nilikuwa nimewawekea watoto hela ya godoro, nikaituma yote wakalipwe watu wa kung'oa. Nililia siku ile, shuka za wageni zikiwa mikononi.

Mwaka mzima na miezi yake tuliishi bila mkungu. Tulihamia chumba kidogo zaidi, mvua ikinyesha tunasogeza kitanda. Ugali asubuhi, ugali jioni, na watoto wangu wanaula kama wanaomeza dawa. Mchango wa chakula cha mchana shuleni nikaukata, binti yangu mkubwa akawa anashinda na njaa mpaka jioni. Alikonda, shingo ikawa ndefu. Akaniuliza mara moja tu, "Mama, kwa bibi zimeisha kabisa?" Nikamwambia tuombe Mungu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu mimi kilikuwa kinanipigia simu kila Jumapili kuniuliza watoto hawajambo.

Ikafika misa ya kumkumbuka Tata, na hiyo sikuweza kuikosa. Nilivisugua viatu vyangu kwa dawa ya kung'arishia mashuka, nyayo na pembeni, mpaka vidole vikachubuka. Nikavifunga kwenye mfuko, nikavivaa niliposhuka garini Kimwani. Nilitembea katikati ya njia, nisiguse jani la mtu.

Nikazunguka nyuma ya nyumba nikaione hasara yangu. Mawe, mama yangu! Migomba ilikuwa imesimama. Imenona, majani yake meusi kwa ubichi, mikungu mikubwa imeegemezwa miti isianguke. Na kila baada ya hatua chache kulikuwa na shina lililokatwa karibuni, bado linatoa maji. Nikachukua muhoro, kisu cha kupogolea migomba, uliokuwa umechomekwa kwenye paa la jiko, nikachanja mgomba mmoja. Mgomba wenye mnyauko hutoa usaha wa njano. Huu ulitoa maji meupe, safi. Nikachanja wa pili. Wa tatu. Nadhani ningechanja yote kama kaka asingetokea.

"Utaiua migomba," akasema.

"Si ilishakufa? Uliizika wewe!"

Hakuona haya hata kidogo. Akaniambia malori ya Mwanza yananunua vizuri, na kwamba mimi nalipwa mjini kila mwezi. "Mimi ananilipa nani?" akauliza. Nikamwambia, "Mwanangu anashinda na njaa shuleni, na godoro lake liko tumboni mwako, mwizi mkubwa we!" Nilimtukana kwa Kiswahili na kwa Kihaya, watu wa misa wanasikia. Akaondoka zake kwenda kupanga viti.

Nikamkimbilia mama jikoni. Nilikuwa namwonea huruma njia nzima ya kutoka migombani, nikijua amedanganywa kama mimi. Mzee wa watu, macho hayaoni mbali, angejuaje? Nikamwambia yote, nahema. Hakushtuka. Aliendelea kupanga majani ya mgomba juu ya chungu.

"Mama, ulijua?"

Alifunika chungu kwanza. "Huyu ndiye niko naye," akasema. "Ndiye atakayenizika, mwana wange. Ningefanyaje?"

Hasira ya kumkasirikia kaka niliiweza. Hii sikuiweza. Nilitaka aseme alitishwa, aseme alisahau, aseme chochote, na yeye alikuwa amesema kweli tu.

Akanishika mkono akanikalisha sebuleni, kwenye kiti cha upande wa mlango. Akaingia ndani, akarudi na kikapu kidogo chenye kahawa ya kutafuna. Kwetu kahawa hiyo hupewa mgeni anapoingia. Watoto wa nyumba hatupewi, tunajichotea wenyewe jikoni, na katika maisha yangu yote mama hakuwahi kuniletea. Akaninyooshea kwa mikono miwili, kama anavyompa paroko.

"Tafuna kidogo," akasema. "Umetoka mbali."

Nikachukua punje mbili, nikamshukuru, nikamuuliza gari la kurudi Bukoba linapita saa ngapi.