Sanduku la Chai Lililomeza Jina

Harufu ninayoikumbuka ni ya majani makavu ya chai iliyochanganyika na vumbi lililoungua juu ya taa za ndani ya redio. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia, nami nilikuwa na miaka kumi na sita, mwanafunzi wa sekondari mwenye haya hata wageni wakibisha hodi nilikimbilia darini na daftari langu, nikaandika waliyosema badala ya kushuka kuwaamkia. Daftari lile ninalo bado. Kurasa nyingi zahusu redio ambayo baba aliinunua kwa karani mmoja wa Kihindi aliyekuwa akihamia mtaa wa Tudor, hapa Mombasa. Redio yenyewe ilikuwa nzima, ila karatasi ya spika ilikuwa imechanika, na kila msemaji alisikika kama mtu mwenye mafua. Mama hakujali nyimbo wala habari. Alitaka kitu kimoja tu: kila Jumatano baada ya Alasiri, askari walio mbali walipewa nafasi ya kutuma salamu kwa sauti zao wenyewe, na kaka yangu Athmani alikuwa huko mwaka wa pili, miezi saba bila barua. Jirani yetu Bi Rukia naye alikuwa na mwanawe wa pekee, Selemani, katika jeshi hilohilo. Yeye na mama walikaa mkeka mmoja barazani mwetu, kila mmoja na tasbihi yake, wakisubiri jina.

Nikaona hii ni kazi yangu. Kwanza niliziba ufa wa spika kwa kipande cha ukurasa wa daftari na uji mzito wa unga wa ngano. Kisha nikaitoa spika katika kijumba chake chembamba, nikaifunga kwenye tundu nililolitoboa kwa kisu ubavuni mwa sanduku tupu la chai, lile la mbao nyembamba ambalo baba alilileta kutoka gati ya Mbaraki. Sauti ilikua, lakini mbao zikawa zinalia kama nyigu ndani ya mkebe. Hapo ndipo nilipofanya wizi: nilifumua mto wa mama, nikatoa sufi, nikaijaza ndani ya sanduku. Kelele za mbao zikanyamaza. Nikalisukuma sanduku kwenye pembe, pale kuta mbili nene za mawe zinapokutana, na mvumo ukatoka chini kama unapanda kutoka kisimani. Ngoma ilipopigwa tuliisikia kwa nyayo. Bi Rukia alicheka mpaka ushungi ukamwanguka. "Mwaona? Huyu Nasoro kimya chake chote amekitia sandukuni!" Majirani wakaja kusikiza. Sikuwahi kusifiwa hivyo, tena bila kufungua mdomo. Basi nikazidisha. Nilifunika na uso wa spika kwa sufi, ili ile mikwaruzo ya hewani iishe. Ikaisha. Sikujua kwamba herufi nazo zilikuwa zikienda na mikwaruzo.

Jumatano iliyofuata nilijibana kati ya sanduku na ukuta kushikilia waya, sikio karibu na mgongo wa spika, mahali ambapo sufi haikuufunika. Salamu zikapita, moja baada ya nyingine, kisha ikaja sauti nzito ya kiume: "...mani, wa Mombasa. Namsalimu mama na wote nyumbani. Mimi mzima."

"Athmani!" Mama aliruka. "Wallahi ni yeye! Mwanangu mzima!"

"Selemani huyo," akasema Bi Rukia, polepole.

"Dada, usinambie mimi sauti ya mwanangu!"

Mama alikuwa akilia na kucheka pamoja. Bi Rukia akakunja tasbihi yake. "Basi ni wako, dada. Alhamdulillahi." Akavaa buibui, akaenda zake. Mimi huku nyuma nilikuwa nimelisikia jina lote, wazi kama mtu ananinong'oneza. Lilikuwa Selemani. Daftari langu siku hiyo lina mstari mmoja: "Nimejua na sikusema, kwa sababu ya mama, na kwa sababu ya sanduku."

Kesho yake nilitoa sufi yote, nikaenda kubisha kwa Bi Rukia. Nilimwambia kila kitu nikitazama kizingiti. Alikuwa akipeta mchele, hakuacha kupeta. "Mwanangu nilimjua. Hupumua kabla ya kusema 'mzima', tangu mdogo. Mimi nimepata barua mwezi jana, mama yako hana kitu. Mwache alale." Kisha akaongeza, "Na huo mto wake umshonee kabla hajajua."

Vita vikaisha. Athmani akarudi, amekonda. Selemani hakurudi, salamu zile ndizo zilizokuwa za mwisho kutoka kwake, na zilikuwa zimesherehekewa nyumbani kwetu. Siku ya karamu ya kaka, mama aliwasimulia wageni alivyomsikia redioni. Athmani alishangaa. "Mimi, mama? Mimi sikutuma—" Bi Rukia alikuwa akimimina kahawa. "Hata mimi nilimsikia," akamkatiza. "Sauti nzito, ya mtu mzima." Nilishuka ngazi nikatoka nje, nikasimama ukutani mpaka nilipoweza kurudi. Mama alifariki akiamini. Bi Rukia hakuligusa tena jambo lile, wala mimi sikuthubutu.

Siku hizi mjukuu wangu ana spika mbili ndefu kama watoto wa darasa la kwanza, na kitufe kimoja tu kinafanya kazi iliyonigharimu mto wa mama. Hapo kale tulikuwa na sauti chache, tukizingoja wiki nzima. Sasa zamwagika mchana kutwa, na hakuna anayezikalia mkeka. Akiwasha, madirisha yanatetemeka, naye anafurahi kama nilivyofurahi mimi. Juzi niliinuka nikapunguza ule mvumo, mpaka maneno yakatoka makavu, moja moja.

"Babu, besi ukiipunguza hivyo raha yote inaondoka!"

"Najua," nikamwambia. "Nataka kusikia majina."